Nilituma Elfu Ishirini Badala ya Kupanda Kivuko

Kibanda changu cha ushonaji kiko Kirumba, Mwanza, kwenye njia ya kushukia soko la samaki la Mwaloni. Anayekwenda kununua dagaa anapita kwangu, anayerudi na ndoo ya sato anapita kwangu, na wote wana la kusema. Kwa hiyo maneno ya wakati wa korona hayakunifikia kwa redio. Mengi niliyasikia yakizaliwa pale pale kwenye benchi la wateja, na mengine nilishiriki kuyalea. Naandika haya kwa sababu moja kati ya hayo lilitaka kuniondolea baba yangu mdogo, na hakuna aliyelitania kuliko mimi.

Mgonjwa wa kwanza nchini alitangazwa tarehe 16 Machi 2020, Arusha. Kesho yake shule zikafungwa, wanangu watatu wakawa nyumbani asubuhi mpaka usiku, mke wangu akaanza kuiita nyumba yetu "bweni". Wiki mbili kabla ya hapo tulikuwa tumeshaiona ile picha ya Ikulu, Rais Magufuli na Maalim Seif wakisalimiana kwa kugusanisha miguu, na Kirumba yote ikageuka uwanja wa mpira. Baba mdogo, ambaye hununua dagaa mbichi upande wa Kamanga, ng'ambo ya maji, akawaanika na kuwaleta Mwaloni, alikataa katakata. "Mtoto ananipa shikamoo kwa teke," alisema, "mimi niitikie marahaba au niite refa?"

Halafu daladala zikaamriwa zisijaze. Abiria wote wakae, hakuna kusimama, na makonda wakaja na neno lao: levo siti. Halikukaa kwenye daladala hata wiki mbili. Kule sokoni wachuuzi walikuwa na lumbesa tangu zamani, gunia la kujazwa mpaka linavimba kichwa. Sasa debe la dagaa lililojazwa sawasawa na mdomo, bila kilima cha nyongeza, likaitwa debe la levo siti. Mama ntilie akikupakulia wali mdogo unamuuliza, "Mama, leo levo siti?" Nakumbuka harusi moja ya Pasiansi iliyoalika watu thelathini, ikabaki na jina hilo hilo, harusi ya levo siti, na maharusi wenyewe wanalitumia mpaka sasa.

Kwenye daladala hizo hizo tuligundua kwamba kikohozi ni mali. Ukikohoa mara mbili, jirani yako anahama, unapata siti nzima. Vijana wakaita "kulipia kwa kifua". Nilijaribu siku moja kutoka Buzuruga kuja mjini, nikakohoa kwa makusudi, na konda akanishusha Mabatini bila kunirudishia nauli. Nilistahili.

Kila mlango ulikuwa na ndoo yenye koki, sabuni, na tangazo la kunawa kwa maji tiririka. Jirani yangu mmoja muuza vitenge, akianza kuongea haishii, akawa Mama Maji Tiririka, na hakuna aliyemtungia, lilimjia lenyewe. "Mita moja" ilikuwa umbali wa kukaa kati ya mtu na mtu, ikawa namna ya kumtaja mdaiwa: "Yule siku hizi ananikalia mita moja." Aliyezima simu kwa sababu ya madeni alikuwa karantini. Mwanzoni mwa Mei Rais alipoeleza, akiwa Chato, kwamba sampuli za papai na mbuzi zilipelekwa maabara kwa siri na majibu yakasema zina maambukizi, basi kila jambo lisiloeleweka likawa papai. Mteja anayedai ulimpima kiuno vibaya wakati yeye ndiye aliyenenepa: hiyo ni papai.

Na nyungu. Mwarobaini, mchaichai, majani ya mkaratusi, malimau, tangawizi, vyote kwenye sufuria inayochemka, unajifunika blanketi na kuvuta mvuke. "Kupiga nyungu" lilikuwa jambo la heshima, kila nyumba ilikuwa na mtaalamu wake. "Kupigwa nyungu" lilikuwa jambo lingine: ni mke kukuuliza maswali umefunikwa huna pa kutokea, jasho likitiririka. Mimi nilipigwa nyungu ya pili mara nyingi kuliko ya kwanza, na chanzo kilikuwa barakoa.

Niseme kidogo kuhusu neno hilo. Watu wengi wa huku ziwani walidhani barakoa imeletwa na korona. Waswahili wa pwani walikuwa nalo zamani, kwa kitambaa cha usoni cha wanawake wa Kiarabu. Wateja wangu walilipokea kwa ulimi wa Kisukuma wakaniagiza "balakoa", na kwa kuwa mteja hakosei, hata kwenye kibao changu niliandika hivyo hivyo.

Aprili 2020 nilikuwa nashona mpaka saa saba usiku. Moja shilingi elfu moja, vitambaa viwili na lastiki. Lastiki ilipoanza kuadimika nikaingiwa na tamaa: nikachukua akiba yote, shilingi laki tatu na nusu, nikanunua kitambaa cha pamba na lastiki ya kutosha mwaka mzima. Sikumwambia mke wangu. Halafu takwimu zikasimama kwenye wagonjwa 509 na vifo 21, hazikusogea tena. Tarehe 29 Juni shule zikafunguliwa, na mtaani barakoa ikashuka kutoka puani mpaka kidevuni (tuliiita "ndevu"), kutoka kidevuni mpaka mfukoni. Ikabaki kuwa "leseni", kitu cha kumwonyesha mlinzi wa benki halafu unamrushia mwenzako aliye nje naye aingie nayo. Ndiyo, moja kwa watu watano. Nilibaki na barakoa mia nne kwenye kiroba, na nyungu ya nyumbani ilidumu wiki nzima. Kama wewe ni fundi na siku moja ukaona mahitaji yamepanda ghafla, nunua malighafi ya wiki moja. Kiroba kile nilikitumia kama mto wa kiti changu.

Mpaka hapo nilikuwa sijapoteza chochote ila pesa.

Mwanzoni mwa 2021 misiba ikaanza kuwa mingi. Hakuna aliyesema korona. Kwenye matangazo ya msiba, kwenye maturubai, hata watu wazima wakinong'ona, neno lilikuwa "changamoto ya upumuaji". Marehemu alipata changamoto ya kupumua. Ni neno lenye adabu, halimnyooshei mtu kidole, na wakati ule kila mtu alichagua maneno yenye adabu. Sisi wa benchini tukalichukua, maana ndivyo tulivyozoea kufanya na kila neno. Nikakata boksi la katoni, nikaandika kwa kalamu nene na kulitundika juu ya cherehani:

HATUKOPESHI. MFUKO UNA CHANGAMOTO YA UPUMUAJI.

Watu walicheka mpaka wakapiga picha. Ndani ya siku chache ukiomba mkopo popote Kirumba unaambiwa mfuko una changamoto. Baba mdogo alikuja na dagaa wake, akalisoma kwa sauti, akacheka akishika mbavu, akaenda nalo Kamanga. Tangu siku hiyo akiishiwa alikuwa anasema hivyo: "Mwanangu, nina changamoto ya kupumua." Nami ninamtumia elfu kumi, elfu kumi na tano.

Lazima ujue jinsi dagaa wanavyovuliwa ndipo uelewe kosa langu. Dagaa hufuata taa, na taa hufanya kazi usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka mitumbwi inapumzika, na aliye kama baba mdogo hana cha kuanika. Kwa hiyo kila mwezi mpevu nilitarajia simu. Na hakuwa anapiga mwenyewe mara zote, kuna siku alikuwa anaona aibu, anampa mama mdogo aseme.

Alhamisi ya tarehe 25 Februari 2021, usiku, mwezi ukiwa karibu kujaa, mama mdogo akapiga. Nikamwamkia, akaitikia, tukaulizana habari za watoto. Halafu akasema, "Mwanangu, baba yako mdogo ana changamoto ya kupumua."

Nikacheka. Nikamjibu, "Na mimi pia, mama mdogo, tuko wodi moja."

Akanyamaza. Ukimya huo nimeusikiliza mara nyingi baadaye. Mama mdogo si mtu wa kumsahihisha mtu kwenye simu, na sauti yake ni ya chini hata akiwa na furaha. Akasema, "Haya, mwanangu." Nikamtumia elfu ishirini, nikaona nimekuwa mkarimu kuliko kawaida, nikaendelea kukata suruali.

Ijumaa nzima sikupiga simu.

Jumamosi alfajiri akapiga mdogo wangu anayeendesha bodaboda kule. Hakuamkia. "Kaka, mzee hamalizi maneno." Nikapanda kivuko cha kwanza. Nusu saa ile ya maji nilikuwa nahesabu siku kwa vidole na kila nikihesabu naanza upya.

Nilimkuta amekaa sakafuni ameegemea ukuta, blanketi mabegani, mabega yakipanda na kushuka kama mtu aliyetoka kukimbia. Midomo yake haikuwa na rangi yake. Mguu wa kushoto ulikuwa na malengelenge kuanzia kwenye kifundo, yamepakwa dawa ya mswaki: alikuwa anapiga nyungu mara nne kwa siku, na Ijumaa usiku nguvu zilimwishia ndani ya blanketi, akaangusha sufuria. Kwenye kona kulikuwa na malimau na tangawizi kwenye mfuko, bei ya malimau siku hizo mnaikumbuka. Mama mdogo akaniambia kwa heshima zote, bila kejeli yoyote, "Ile pesa yako imetusaidia, tulinunua hivyo."

Kuhusu nyungu sitabishana na mtu. Mvuke unafungua pua, nami nimeupenda. Lakini hauongezi hewa kwa mtu ambaye mapafu yameshaelemewa, na kumfunika mtu asiyepumua vizuri ni kumbana zaidi. Kama utaipiga, sufuria ikae ndani ya karai pana, usimwache mgonjwa dhaifu peke yake, mtoto asikaribie kabisa. Ikimwagika, mwagilia maji safi ya baridi ya kawaida kwa dakika ishirini, si dawa ya mswaki, si ute wa yai. Daktari alihangaika kuisafisha ile dawa ya mswaki kuliko kidonda chenyewe.

Tulimbeba mpaka gatini. Kivuko kilikuwa kimejaa, siku ya soko, magunia na kuku na pikipiki. Tulipata sehemu ndogo ya benchi. Akakohoa. Kilikuwa kikohozi kidogo, kikavu, hakina nguvu, lakini watu walikisikia. Mwanamke wa pembeni akainuka na kikapu chake. Akafuata kijana. Ndani ya dakika mbili benchi zima lilikuwa letu, watu wamejazana upande wa pili wanatutazama na sisi tunatazama maji. Siwalaumu. Nami ningehama. Nilikuwa nimeinamisha kichwa nikajisikia kuvutwa shati. Baba mdogo alitaka kusema kitu. Nikasogeza sikio, nikidhani ni wosia.

"Levo," akavuta pumzi, akavuta tena, "siti."

Sijui nililia au nilicheka, vyote vilitokea puani.

Hospitalini muuguzi alimbana kidoleni kile kibanio cha kupimia hewa kwenye damu. Kikasoma 84. Akatuambia ikishuka chini ya 94 mtu anapaswa awe hospitali. Wakamweka oksijeni. Daktari akauliza swali rahisi kuliko yote: alianza kuumwa lini? Hatukuwa na jibu. Mama mdogo alisema Jumapili alikuwa na "mafua ya vumbi". Mdogo wangu alisema hapana, kabla ya hapo alikuwa na "homa ya dagaa", jina lake mwenyewe la uchovu wa kulala ufukweni. Mimi nilikuwa na "changamoto" ya Alhamisi. Tulikuwa na majina matatu ya utani na hatukuwa na tarehe hata moja. Daktari akaweka kalamu chini akatungoja. Nakushauri kitu kidogo sana: mtu akianza homa au kikohozi nyumbani, andika tarehe ukutani kwa mkaa. Ukiongea na daktari taja kinachoonekana. Anakohoa, anatetemeka, halali usiku, hajala tangu juzi. Jina la ugonjwa mwachie yeye.

Alikaa siku tisa. Walimlaza kifudifudi saa nyingi ili mapafu yapate nafasi, naye kwa mtu aliyeanika dagaa maisha yake yote hilo lilikuwa zawadi. Siku ya nne, sauti ikianza kurudi, nilimkuta amelala hivyo akaniambia, "Wananianika. Mwambie muuguzi anigeuze, upande huu nimekauka."

Gharama yote, pamoja na dawa, chakula na nauli za kwenda na kurudi, ilifika laki sita na arobaini. Hatukuwa na bima. Niliuza cherehani yangu ya ovaloki kwa laki mbili na themanini, chini ya bei, kwa fundi aliyejua nina haraka. Sehemu nyingine ya pesa ilitoka mahali ambapo sikupategemea. Mwishoni mwa Februari Rais alikuwa amewataka watu watumie barakoa zilizotengenezwa hapa nchini, na ghafla Mwanza ikaanza tena kuulizia. Mke wangu akafungua kile kiroba nilichokuwa nakikalia. Zilikuwa zimekunjamana, akazifua, akazipiga pasi, akauza karibu zote kwa mia tano mia tano, kwenye wiki ile ile ambayo nililala kwenye korido ya hospitali. Hajaacha kunikumbusha kwamba alikuwa ameshapanga kuzitupa.

Niliporudi kibandani, kibao kilikuwa bado kinaning'inia. Mteja mmoja alikuwa amesimama chini yake anacheka. Nikakishusha, nikakigeuza, nyuma yake nikaandika bei ya kupunguza suruali. Sikuwahi kuwaambia watu waache utani, na wala sidhani tungeuvuka mwaka ule bila huo. Siku ambazo huruhusiwi kutaja kitu kwa jina lake, utani ndio mlango wa uani. Mimi nilisahau tu kwamba mama mdogo naye alipita mlango huo huo, akiwa amebeba jambo la kweli, nami nikamfungia.

Familia tuliweka utaratibu. Anayepiga simu anaanza kwa kusema ni ya mfuko au ni ya kifua. Kama ni ya kifua hakuna mzaha, tunauliza: anamaliza sentensi bila kupumzika? midomo ina rangi gani? anaweza kutembea mpaka chooni? Yule muuguzi alituambia pia tumwambie mgonjwa ahesabu kwenye simu kwa pumzi moja. Akifika mbali si kwamba amepona, lakini akikatika kabla ya kumi, usisubiri kivuko cha jioni.

Chanjo ilipozinduliwa tarehe 28 Julai 2021, baba mdogo alikuwa kwenye foleni Agosti, mapema, ingawa Kamanga walikuwa wamemhakikishia kwamba atageuka zombi. "Nimeshaanikwa," aliwajibu, "hiyo chumvi tu." Mwanangu mkubwa mwaka uliofuata aliingia kidato cha kwanza kwenye darasa jipya, moja kati ya yale 15,000 yaliyojengwa kwa mkopo ule wa serikali wa kukabili Uviko, yaani korona, wa shilingi trilioni 1.3, na ukimuuliza anasoma wapi alikuwa anajibu "Uviko B". Mapafu ya baba mdogo hayakurudi kama zamani. Hapandi tena kilima bila kusimama, na magunia anabebewa.

Mwezi uliopita alipiga usiku, mbalamwezi ikiwa kama mchana.

"Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Ni ya mfuko." Halafu akakohoa.

"Ya mfuko tu?"

"Ya mfuko."

"Hebu hesabu."

Akavuta pumzi nikaisikia, akaanza, moja, mbili, tatu, bila haraka, kumi ikapita, kumi na tano ikapita, sauti ikaanza kukwaruza kwenye kumi na nane, akajikaza mpaka ishirini, akasimama hapo.

"Elfu," akamalizia. "Tuma hiyo hiyo."